Dunia ni Njia: Somo la Kuihesabu Nafsi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kubaki baada ya viumbe vyote kutoweka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hapana neno lililo jepesi katika ndimi zetu kama kusema kuwa dunia ni mapito. Twalisema msibani, twalisema barazani, na twalisema sokoni bei zinapopanda. Hata mtoto wa chuoni alijua. Lakini ukimwangalia mwenye kulisema, mara nyingi utaona kuwa limetoka mdomoni bila ya kupita moyoni. Deni alilokopa miaka mitatu nyuma hajaliandika popote. Amana ya mtu imo kabatini mwake, na mkewe hajui ni ya nani. Fungu la mirathi la dada yake lingali mikononi mwake tangu baba yao alipofariki. Je, mtu huyu ameamini kweli kuwa dunia ni mapito? Mpita njia hufunga mzigo wake mapema, maana hajui chombo kitang'oa nanga saa ngapi. Huyu mzigo wake umetawanyika nyumba nzima, naye amelala usingizi.

Basi somo letu la leo ni hili: kukumbuka mauti si kulia wala si kukunja uso. Kukumbuka mauti ni hesabu. Mwenye kuyakumbuka mauti kwa haki utamjua kwa daftari lake kabla ya kumjua kwa machozi yake.

Mifano yetu tumeitoa Thika na Ruiru, miji miwili ya bara iliyo kaskazini mashariki ya Nairobi. Huenda msomaji wa Mombasa, au Lamu, au Malindi akauliza: Sisi na Thika wapi na wapi? Jawabu ni kwamba wengi wenu mna watoto wanaosoma huko, katika chuo kikuu cha Juja kilicho baina ya miji hiyo miwili, na katika vyuo vya Thika yenyewe. Wengine wana maduka huko, na wengine wamenunua viwanja. Tena kuna sababu nyingine iliyo ya kale kuliko vyuo na viwanja, nayo ni maji.

Maji yapitayo

Mto wa Thika na mto wa Chania hukutana hapo hapo penye mji wa Thika. Maji yake huteremka mpaka yakaingia katika mto Tana, na Tana haukomi mpaka Kipini, unapomwaga katika bahari yetu. Mto wa Ruiru hauendi huko. Maji yake huingia katika mto Athi, nao Athi ukifika chini huitwa Galana, kisha Sabaki, na hutoka baharini kaskazini ya Malindi. Kila mtu wa Malindi aijua rangi ya bahari wakati wa mvua za bara: maji huwa mekundu kama udongo, kwa sababu ni udongo kweli. Ni udongo wa mashamba ya watu walio mbali, ambao pengine hawajaiona bahari hata siku moja.

Tazama, ndugu yangu, hekima iliyomo. Miji hii miwili ni jirani, yapata mwendo wa nusu saa kwa gari, na maji yake hutoka katika nyanda za juu zilizo karibu karibu. Lakini mwisho wa maji haya ni Kipini na mwisho wa yale ni Malindi. Hayarudi nyuma hata tone moja. Na kila yalichochukua njiani, kiwe safi au kichafu, huonekana pale yanapofikia. Hivyo ndivyo ulivyo umri wa mwanadamu. Siku ya jana haiitiki ukiiita, na uchafu ulioutia juu utauona chini, maji yanapokoma.

Mwenyezi Mungu ametupigia mfano wa maji katika Surat al-Raad, aya ya 17. Ametufahamisha kuwa mafuriko hubeba povu juu yake, na povu hilo hupotea bure, lakini kile chenye kuwafaa watu hukaa katika ardhi. Tuushike mfano huo, kwani tutauhitaji katika habari ifuatayo.

Kaburi lililo mlimani

Kusini mashariki ya Thika kuna mlima uitwao Ol Donyo Sabuk, nao watu wengine huuita Kilimambogo. Mapema katika karne iliyopita alikuja nchi hii Mmarekani mmoja tajiri sana, William Northrup McMillan. Alimiliki shamba kubwa la Juja, na mlima huo nao ukawa katika milki yake. Wakubwa wa dunia walikuwa wageni wake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda katika nchi hii akakaa kwake Juja. Wangereza wakampa McMillan cheo cha heshima, akaitwa Sir.

Alikufa mwaka 1925, mbali na Kenya, na umri wake haujafika miaka 60. Ilikuwa matakwa yake azikwe juu kabisa ya mlima ule, ili kaburi lake lielekee nchi yote aliyoipenda. Wakaichukua maiti yake, lakini gari lililoibeba likashindwa kupanda. Basi wakamzika palepale njiani, kabla ya kufika kileleni. Kaburi lake lipo mpaka leo, na pembeni yake pana kaburi la mkewe. Mwaka 1967 mlima ukafanywa hifadhi ya taifa ya wanyama, nao nyati sasa hulisha kandokando ya makaburi hayo.

Hatuisimulii habari hii kwa kumcheka maiti. Kumcheka maiti si adabu ya Kiislamu, awe wa dini gani. Twaisimulia kwa sababu Mwenyezi Mungu ametujulisha mwisho wa Surat Luqman kuwa hapana nafsi ijuayo itachuma nini kesho, wala hapana ijuayo itafia nchi gani. Mtu huyu alikuwa na mali ya kununua mlima mzima. Lakini mahali pa mwili wake kulazwa hakupata pale alipopataka, katika mlima ulio wake mwenyewe. Ikiwa tajiri hakuyamiliki hayo, wewe mwenye kiwanja cha futi hamsini kwa mia wajitapia nini?

Na kitu gani kilichobaki kwa watu? Shamba limekatwakatwa, na wageni wake wamekwenda zao. Lakini mkewe alijenga Nairobi maktaba ya vitabu kwa kumkumbuka, ikafunguliwa mwaka 1931, na mpaka karne hii watu wamekuwa wakisoma ndani yake. Hili ndilo lile tulilolisema katika habari ya povu: yaliyokuwa fahari yametoweka, na yaliyowafaa watu yamebaki. Ikiwa hali ni hii katika mambo ya kidunia tu, itakuwaje kwa Muislamu ambaye ameahidiwa kuwa sadaka yenye kuendelea, na elimu yenye manufaa, na mtoto mwema mwenye kumwombea, havitakatika thawabu zake baada ya kufa kwake?

Mlango ulioulinda, na mlango ulioingiliwa

Nchi ya Ruiru na Thika ilikuwa nchi ya kahawa na katani. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na katika mizigo iliyobebwa na reli hiyo mazao ya mashamba yale yalikuwa mengi. Hapo Ruiru ndipo palipo kituo kikubwa cha utafiti wa kahawa. Wataalamu wake walifanya kazi miaka mingi kutafuta mbuni utakaoweza kustahimili ugonjwa wa kuozesha tunda changa la buni, na ule wa kutu ya majani. Mwaka 1985 wakatoa aina mpya wakaiita Ruiru 11. Ni kazi ya kusifiwa, na wakulima wengi wameifaidi.

Lakini leo ukipita barabara ya Nairobi kwenda Thika, utaona mahali pengi palipokuwa na mibuni pamejaa nyumba za ghorofa. Pana mitaa iitwayo Kahawa: jina lingalipo, na mibuni huioni. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, Ruiru ilikuwa na watu 238,858. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 490,120. Miaka kumi tu, na mji umezidi maradufu. Kile ambacho ugonjwa haukukiweza, bei ya kiwanja imekiweza. Mwenye shamba aliilinda mibuni yake na kutu na kuoza, akanyunyiza dawa na kupanda miche mipya. Ikaja siku akaikata kwa mkono wake mwenyewe, akauza ardhi.

Ndivyo tulivyo sisi. Mtu huulinda mlango mmoja kwa nguvu zake zote. Hupima damu, huacha chumvi na sukari, hufunga komeo tatu usiku, naye hafanyi vibaya, kwani kujihifadhi ni amri ya dini. Lakini mlango mwingine ameuacha wazi, na huo ndio ajali yake iingiapo. Mwili ameuangalia, na moyo hakuuangalia. Sisemi asiulinde mlango wa kwanza. Nasema asidhani ya kuwa nyumba ina mlango mmoja.

Daraja lililopuuzwa

Barabara ile ya Thika ilianza kupanuliwa mwaka 2009, na tarehe 9 Novemba 2012 ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki. Ni yapata kilomita hamsini, na magari hupita kwa mistari mingi kwenda na kurudi. Aliyeifungua, Rais Kibaki, alifariki tarehe 21 Aprili 2022, na barabara yaendelea kupitwa. Kila mjengaji huiacha njia yake kwa wapitao nyuma yake.

Kwa ajili ya waendao kwa miguu yalijengwa madaraja ya kupita juu. Hata hivyo wako watu walioonekana, na wangali waonekana, wakiliacha daraja na kukatiza chini, katikati ya magari yaendayo kasi, ili waokoe dakika tatu au nne. Wengine wamepoteza maisha yao hapo. Na lililo la ajabu ni kuwa hapana hata mmoja wao asiyejua kuwa gari huua. Wamwulizapo atakujibu vizuri kuliko wewe. Elimu anayo, ila wakati ule wa kukatiza elimu yake haikuwa pamoja naye.

Hali hii wanavyuoni wetu wameiita kughafilika. Kughafilika siko kutojua. Ni kujua kisha kulipa kisogo lile unalolijua. Na dawa yake si kuambiwa tena kile ukijuacho, bali ni kuufundisha moyo uwe macho. Katika hadithi mashuhuri ya Jibril, Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa ihsani ni nini, alieleza kuwa ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kama kwamba wamwona, na ikiwa wewe humwoni, basi Yeye akuona. Hii ndiyo asili ya kujichunga nafsi: kujua saa hii, katika duka hili, katika mizani hii, katika neno hili nilitakalo kulitamka juu ya mwenzangu, kuwa kuna Mwenye kuona. Mwenye kuwa na hali hiyo hukumbuka daraja kabla mguu haujashuka barabarani.

Namna ya kujihesabu

Tukiisha kuyafahamu hayo, yatupasa tutoke katika mfano tuingie katika kazi. Katika Surat al-Hashr, aya ya 18, waumini wameamrishwa kila mmoja aangalie amekitangulizia nini kesho yake. Na Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) amepokewa akiwausia watu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa. Mfanyabiashara hafungi duka usiku bila ya kujua ameuza kiasi gani. Basi vipi mtu afunge siku nzima ya umri wake bila ya kujua amechuma au amekula hasara?

Kila usiku, baada ya sala ya Isha na kabla ya kulala, jiulize mambo matatu. Kwanza, haki ya Mola wako: sala tano umezisali kwa wakati wake, au umezikusanya kama mtu alipaye deni kwa kuchukia? Pili, haki ya waja: leo umemdhulumu nani, kwa mkono, au kwa ulimi, au kwa kuchelewesha ujira wake? Tatu, wakati wako: saa zako zimekwenda wapi? Ukikuta kheri, shukuru, wala usijione. Ukikuta shari, omba msamaha usiku ule ule, na kama ni haki ya mtu, asubuhi nenda kairudishe. Toba ya dhambi iliyo baina yako na Mungu ni majuto na kuacha. Ama dhambi iliyo baina yako na mja, majuto pekee hayatoshi mpaka haki irudi kwa mwenyewe au yeye asamehe.

Sasa tufike penye jambo zito ambalo ndilo lililotufanya tuliandike somo hili. Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim, ametufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia haifai alale usiku mbili ila wasia wake umeandikwa, uko naye. Usiku mbili tu! Na katika hadithi nyingine tumefahamishwa kuwa nafsi ya muumini hufungika kwa sababu ya deni lake mpaka lilipwe. Na aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ni aya ya kuandika madeni. Lau kama tungeishika aya hiyo moja, nusu ya magomvi ya misibani mwetu yangekwisha.

Tuseme mtu mmoja wa pwani ana kiwanja chake Ruiru chenye thamani ya shilingi 4,000,000, naye hana mali nyingine. Amekopa shilingi 800,000 kwa watu watatu, na katika hizo imo mahari ya mkewe aliyokuwa hajaimaliza, kwani mahari isiyolipwa ni deni kama deni jingine. Mtu huyo afa. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Ameacha mke mmoja, wana wawili wanaume na binti mmoja. Hakuacha wasia. Sheria yataka hivi: baada ya gharama za maziko, yalipwe madeni kwanza, shilingi 800,000. Zinabaki 3,200,000. Mke apata thumni, nayo ni 400,000. Zilizobaki, 2,800,000, hugawanywa mafungu matano: kila mwana mwanamume mafungu mawili, yaani 1,120,000, na binti fungu moja, yaani 560,000. Hesabu imekwisha, na kila mtu ajua chake.

Lau angaliusia, wasia wake usingepita thuluthi ya mali iliyobaki baada ya deni, na usingekuwa kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Mtume (S.A.W.) alimkataza Saad bin Abi Waqqas kuusia zaidi ya thuluthi, akamfahamisha kuwa hata hiyo thuluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono.

Sasa itazame hesabu ile ile pasipo daftari. Madeni hayakuandikwa. Wadai wawili wanyamaza kwa haya, na wa tatu aja, akanushwa. Mahari ya mama haitajwi. Hati ya kiwanja haionekani, kwa sababu kilinunuliwa katika kampuni iliyogawa shamba kubwa kwa wanachama wake, na cheti alikihifadhi marehemu mahali anapopajua yeye peke yake. Mwana mkubwa asema dada yake ameolewa, basi apewe kanga na nauli. Yote haya yafanyika ndani ya nyumba ambayo juma lililopita ilikuwa ikisomwa dua na kusemwa kuwa dunia ni mapito. Je, hawa wamemlilia marehemu, au wamemwongezea mzigo? Na tumeonywa katika Surat al-Nisa, aya ya 10, kuwa wenye kula mali ya mayatima kwa dhulumu hakika wala moto katika matumbo yao. Wala mtu asidhani ya kuwa yatima wa Kurani ni mtoto wa mbali. Huenda yatima akawa ni mtoto wa ndugu yako aliye sebuleni mwako.

Tena kuna lile la karamu za msibani. Sahaba Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa nane wa Hijra, Mtume wetu (S.A.W.) aliamuru watu wapike chakula wawapelekee jamaa za Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Basi sunna ni jirani awapikie wafiwa. Kwetu sisi mara nyingi imepinduliwa, wafiwa ndio wawapikiao majirani, na gharama hutolewa katika mali ambayo deni halijatolewa wala fungu la yatima halijatengwa. Twawaomba wazee wetu kwa adabu na heshima walitazame jambo hili. Tukimpenda maiti wetu, sufuria la kwanza liwe ni kumlipia deni lake.

Je, tuiache dunia?

Atasema mtu: Ikiwa mambo ndiyo haya, basi tusijenge, tusinunue, tusipande, tungoje mauti. Huku ni kuifahamu dini kichwa chini. Mtume (S.A.W.) aliyemshika Ibn Umar begani na kumuusia awe duniani kama mgeni au mpita njia, ndiye aliyetufundisha kuwa Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Maneno haya mawili hayapingani. Mpita njia mwema huchimba kisima atakachokunywa mwingine. Nunua kiwanja Ruiru ukiweza, kwa mali ya halali. Jenga, na wasomeshe watoto wako, wanaume na wanawake, Juja na Thika na kwengineko, kwani umma wa wajinga haukumbuki mauti wala hauishi maisha. Lakini jina lako katika hati ulione kama jina la mpangaji katika kitabu cha nyumba ya wageni: limeandikwa leo, na kesho ukurasa utageuzwa.

Maiti, kama ilivyopokewa na Anas (R.A.), hufuatwa na vitu vitatu: jamaa zake, mali yake na amali zake. Viwili hurudi, na kimoja hubaki naye. Mwenye akili huwatendea wema wawili watakaorudi, na humtayarisha yule atakayebaki.

Mambo ya kuzungumzwa katika darasa

Ndugu wa darasa wayatazame mambo haya kabla ya kikao kijacho, na kila mmoja aijibu nafsi yake kwanza:

1. Lau nikifa usiku huu, ni nani ajuaye ninaowiwa nao na wanaoniwia?
2. Amana ipi ya mtu iko nyumbani kwangu, na imeandikwa jina la mwenyewe?
3. Mahari ya mke wangu nimeimaliza? Zaka zangu za miaka iliyopita nimezitoa?
4. Fungu la mirathi la dada yangu, au la shangazi yangu, liko mikononi mwa nani?
5. Nimeacha kitu gani ambacho kitawafaa watu baada ya jina langu kusahauliwa?

Hayo matano yataka karatasi moja, na kalamu, na mashahidi wawili waadilifu. Hayataki mali wala cheo. Asiyejua kuandika amwombe mwanawe amwandikie, na hilo litakuwa funzo kwa mtoto bora kuliko mawaidha mengi. Palipo na utata, pana wanavyuoni wa kuulizwa, na pana mahakama ya Kadhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuamshe kabla ya kuamshwa na kifo, atuwezeshe kurudisha haki za watu tungali hai, awasamehe waliotutangulia, na aujaalie mwisho wa amali zetu kuwa ndio bora yake. Na taufiki yatoka Kwake.